Mkonga wa Silasi Hauzimwi

Jirani yangu Benjamini, hapa Butiama, ana Fuso la kubebea mchanga. Kila asubuhi analiwasha na kuliacha linaunguruma mlangoni pake mpaka amalize chai na maandazi, na mtaa mzima unamsema. Mara moshi unaingia ndani, mara anachoma dizeli bure, mara huyu mtu ana roho gani. Mimi huwa sisemi kitu. Navuta kigoda changu mpaka kwenye uzio, nakaa, nasikiliza. Binti yangu Gati ananiuliza, "Mama, sauti ya Fuso inakupendeza nini jamani?" Namwambia aniache. Ukishakaa na sauti miaka ishirini na mbili haikutoki kichwani, na mimi nilikaa na sauti ya mkonga wa Silasi.

Ngoja niwaeleze huyo Silasi ni nani, kabla sijasahau, maana na mimi naelekea huko huko kwa wanaosahau.

Alikuwa dereva wa kituo chetu cha afya, kituo kidogo cha kanisa kule upande wa Mugango, karibu na ziwa. Mimi nilikuwa nesi mkunga hapo hapo. Gari letu lilikuwa moja tu, Land Cruiser ndefu ya dizeli, zile zenye bomba refu limepanda pembeni mwa kioo cha mbele, ndiyo maana watu wanaziita mkonga. Nyuma kulikuwa na kitanda kimoja, ndoano ya kutundikia dripu, na harufu ya dawa isiyoisha hata ulioshe namna gani. Silasi alikuwa mfupi, shingo nene, na kofia ya sufu aliyofumiwa na mke wake Hana, haivuliwi hata kwenye jua la Januari. Halafu mbishi! Mimi na ulimi wangu huu wote, kwa Silasi nilikuwa nashindwa. Tuligombana kila siku iliyoamka, na kila siku tulikunywa uji chungu kimoja.

Ubishi wake mkubwa ulikuwa mmoja. "Dada Debora, gari la mgonjwa halizimwi." Basi. Tukifika nyumba ya mgonjwa anaegesha, anavuta breki ya mkono, anashuka, anaacha injini inaunguruma. Mafundi wanasema hapo gari liko sailensi, ingawa kelele zake unazisikia nyumba ya nne. Linatetemeka hapo, kuku wanasogea kuota joto lake, na Silasi amekaa chini pembeni anachonga kijiti cha meno. Nikimwambia, "Wewe, unamaliza mafuta ya kanisa," ananicheka. "Gari likisimama halili, Dada. Ng'ombe aliyelala umeona anakula?" Mimi ya magari nitayajulia wapi?

Na kusubiri kwenyewe kulikuwa si dakika mbili. Kule kwetu mwanamke mwenye uchungu hatolewi ndani hivi hivi. Ataogeshwa kwanza, atafungwa kanga safi, mama mkwe ataomba, na maombi ya mama mkwe hayajui kwamba mtoto ana haraka. Ukitaka kumtoa kwa nguvu unagombana na ukoo mzima. Kwa hiyo unasubiri nusu saa, saa nzima, siku nyingine na zaidi. Mgonjwa yuko ndani anabana meno, anauliza, "Gari lipo?" Wanawake wanamjibu, "Lipo, si unalisikia?" Anatulia. Mimi mwenyewe nilikuwa naitumia ile sauti kama dawa. Mwanamke akianza kuhangaika namwambia, "Sikiliza mama, linakusubiri wewe, haliendi popote." Nimeona presha ikishuka kwa sauti ya gari, hata daktari abishe.

Sasa ubishi huo Silasi hakuzaliwa nao. Kwao ni Kibara, na ujana wake aliumalizia kwenye malori ya pamba kwenda Bunda. Mwaka tisini na tatu Hana alishikwa na uchungu wa mtoto wao wa kwanza. Silasi akaja na lori la bosi mpaka mlangoni. Bosi wake alikuwa amemkataza kuacha injini inaunguruma, na Silasi wakati ule alikuwa bado mtu wa kusikia anachoambiwa. Akazima, asubiri Hana aogeshwe. Alipotoka na mkewe mkononi, lori likagoma. Starta imekufa, mahali penyewe tambarare, hakuna hata mteremko wa kumsaidia. Wanaume wanane walisukuma lori lile mpaka wakatapika, ndipo likawaka. Walipofika Bunda, Hana alipona, mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume. Silasi alinisimulia mara moja tu, tumekaa kwenye mkonga nje ya hospitali ya Musoma, na alipomaliza akafuta dashibodi kwa kitambaa, akaniuliza kama nimekula.

Baada ya hapo aliacha pamba, akaja kwetu. Mwaka wa tisini na sita huo. Mimi nilimkuta.

Basi tukaendelea hivyo mpaka akabakiza miezi mitatu astaafu. Ndipo akaletwa Revocatus kuwa katibu wa kituo, kijana msafi, shati limenyooka, anakusalimia shikamoo huku anaangalia simu. Sitaki kumsema vibaya, baadaye utaona. Lakini siku zile nilikuwa nammeza kwa macho. Alifunga kifaa kwenye mkonga, kidude kidogo tu chini ya usukani, na kila gari likienda mahali yeye anaona kwenye simu limetembea kilometa ngapi. Mwisho wa mwezi akamwita Silasi ofisini, na mimi nikaitwa kama shahidi.

"Mzee wangu," akasema, "kwa kilometa hizi gari lilitakiwa kula mafuta kiasi hiki. Zimezidi lita thelathini na nane. Zimeenda wapi?"

Silasi hakuelewa kwanza. "Zimeenda kwenye gari."

"Gari halijazitembelea, Mzee. Watu wananyonya mafuta kwa mpira, wanauza kwa dumu barabarani. Sisemi ni wewe. Nauliza."

Haki ya Mungu, nilitaka kumrukia. Silasi mwizi! Mtu anayerudisha hata pini ya kanga iliyoanguka kwenye kitanda! Nilimpa Revocatus vidonge vyake hapo hapo, kwamba huyu baba ameanza kubeba wagonjwa wewe unakojoa kitandani. Akanisikiliza, akanywa maji, akasema taratibu kwamba bodi inakutana baada ya wiki mbili na yeye ataulizwa. Kama hakuna maelezo, Mzee ataondolewa kabla ya kustaafu, na barua yake itaandikwa sababu.

Silasi alikuwa amevua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake mchana, kumbe mvi zilikuwa zimemjaa. "Barua ya wizi," akasema. "Nitaipeleka Kibara? Nimwonyeshe Mama Florian?" Mama Florian ndiye Hana, Florian ni mtoto waliyempata baadaye.

Siku mbili hakula. Siku ya tatu nikamwambia, "Silasi, hebu acha kujifanya unajua. Una uhakika gari likiwa sailensi halili?" Akanikasirikia. Tukagombana vizuri, nikafurahi, maana mtu anayegombana bado yuko hai. Mwisho akasema, "Twende kwa Hezron akapime. Na wewe utaniomba radhi."

Hezron ni fundi wa Iringo, pale Musoma mjini, anajua injini za dizeli kuliko anavyojua watoto wake. Nilimlazimisha Revocatus aje. Hezron akachomoa mipira ya mafuta kutoka kwenye tangi, ule wa kuingiza na ule wa kurudisha, akaitumbukiza yote miwili kwenye dumu jeupe la lita tano, akachora mstari kwa kalamu pale mafuta yalipofika. Akawasha. Akatuambia tukae saa nzima, asiguse mtu.

Tukakaa kwenye benchi la gereji watu wanne kutazama dumu. Mama mmoja aliyekuwa anauza samaki, sato wa kukaanga, akatuuliza tunaangalia sinema gani. Mwanzo hakuna kilichobadilika, na Silasi akanitazama kwa dharau, "Unaona? Halili." Lakini ilipofika nusu saa mafuta yalikuwa yameshuka chini ya mstari, kila mtu anaona. Saa ilipotimia Hezron akazima, akachukua chombo chake cha kupimia, akajaza dumu mpaka kwenye mstari tena. Iliingia lita moja na kikombe cha chai.

"Ndiyo hivyo wazee," Hezron akasema. "Kwa saa. Likiwa limekaa tu, halijabeba hata kuku."

Revocatus akatoa simu yake. Kumbe kile kidude kilikuwa kinaandika na saa ambazo gari limesimama huku linaunguruma, ila yeye hakuwahi kufungua ukurasa huo, maana hakufikiri kuna cha kuona. Mwezi ule zilikuwa saa thelathini na mbili. Akapiga hesabu, akarudia, akamwonyesha Hezron. Lita thelathini na nane, zimetimia. Akasimama, akaenda mbele ya Silasi, akainama. "Mzee, nisamehe. Nilikufikiria vibaya."

Mimi nilipiga vigelegele hapo gereji, watu wakatoka madukani. Nikajua Silasi naye atacheka. Hakucheka. Alikuwa bado anaangalia lile dumu.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Nimekuwa nawaambia watu halili. Dada Debora, nimechoma mafuta ya kanisa miaka ishirini na sita kwa ujinga wangu."

"Hukujua."

"Mwizi naye anasemaga hivyo hivyo."

Tulirudi Mugango. Roho iliniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyemsukuma kupima. Revocatus alimwambia kwa upole kwamba starta ni mpya, betri ni mpya, basi kuanzia sasa tukifika kwa mgonjwa azime tu. Silasi akaitikia kama mtoto wa shule, "Sawa, bosi." Hakubisha! Silasi! Nilijua kuna kitu kimekatika.

Haikupita wiki. Saa nne asubuhi tukaitwa kijiji cha jirani, kwa Bhoke, mke wa Clementi. Bhoke mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, kwa hiyo huyu wa pili ilikuwa lazima afike Musoma mapema, asije akachanika ndani. Mama mkwe wake ni Nyangi, ninayemjua sana. Watoto wake wanne wa mwisho niliwapokea mimi, na mara zote nne mkonga ulikuwa unaunguruma nje. Niliingia, nikampima Bhoke, nikaona uchungu umekolea. Nikawaambia wamtoe. Nyangi akasema, "Tunamwogesha tu, Nesi, na kumwombea kidogo." Nikatoka kuandaa kitanda na dripu. Silasi akaniangalia, akaangalia ufunguo, akazima.

Ninakumbuka kile kimya. Nilisikia kunguru wa ziwani. Nilisikia mtu anatwanga nyumba ya mbali. Nikamwambia Silasi, "Haya, leo tumetulia."

Tukangoja. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Nikasema hapana, maombi gani haya, nikaingia kwa hasira zangu. Ndani kulikuwa na bibi mmoja asiyeona vizuri, amekaa kwenye mkeka anakunja kanga.

"Bibi, Bhoke yuko wapi?"

"Si mmemkimbia?" akaniambia. "Tulisikia gari limenyamaza, Nyangi akasema limeenda, wametuacha. Wamempitisha nyuma kwenye mihogo, njia ya mkato, wakampakie kwenye pikipiki ya Clementi kule chini njiani."

Ndiyo kosa letu hilo jamani, la watu wa kule tu. Mahali pengine mtu angechungulia dirishani. Lakini Nyangi akachungulie nini, wakati maisha yake yote mkonga ukinyamaza maana yake umeondoka? Nilitoka mbio ninapiga kelele, na Silasi alikuwa ameshawasha kabla sijafika. Liliwaka mara moja, starta mpya. Sijui kwa nini hilo liliniuma zaidi.

Tuliwakuta kwenye kalavati, karibu na barabara kubwa. Pikipiki imelazwa, Bhoke yuko chini kwenye nyasi, Nyangi amemshika kichwa analia na kumlaumu Silasi kwa jina. Damu ilikuwa imeanza. Tulimpakia, nikamtundikia dripu gari likiwa linakimbia, na Silasi aliendesha ile barabara ya Musoma akipiga honi mpaka hospitali. Walimpasua alipofika tu. Daktari alitoka baadaye akaniambia mama mzima, mtoto wa kike mzima, ila tungechelewa nusu saa zaidi angesema habari nyingine.

Nikamtafuta Silasi nimpe habari. Alikuwa uani, ndani ya mkonga, injini inaunguruma, ameweka kichwa kwenye usukani analia. Mtu mzima na mvi zake. Nikamwambia, "Wote wazima, baba. Wote wawili." Akasema, "Nilizima, Debora. Mara mbili kwenye maisha yangu nimezima." Nami nikalia pia, ya nini kuficha.

Revocatus alikuja na pikipiki kutoka Mugango, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilijiandaa kumpa vidonge vingine, nilikuwa navyo. Lakini akafungua mlango wa abiria, akakaa pembeni ya Silasi, akasema, "Mzee, aliyezima ni mimi." Wakakaa hapo wawili wanasikiliza lile gari. Siku ya pili alibandika karatasi kwenye dashibodi, ameandika kwa mkono wake: sokoni, benki, posta, injini izimwe; mgonjwa akisubiriwa, injini isizimwe. Akaipeleka na kwenye bodi, wakakubali. Silasi alistaafu na barua nzuri. Hana aliiweka kwenye fremu, akaitundika sebuleni Kibara, juu ya redio.

Na mimi nilistaafu mwaka huo huo. Nilijiambia siwezi kuzoea dereva mwingine, na kweli sikutaka hata kujaribu.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Florian alinipigia simu kwamba baba yake amelazwa Musoma, na kabla sijapata usafiri wa kwenda kumwona, akapiga tena. Sitaeleza nilivyolia. Kituo kilitoa mkonga wetu umpeleke nyumbani, ule ule, nao umezeeka, rangi imebabuka milango. Dereva ni Evance sasa, kijana aliyefundishwa kazi na Silasi. Nilikaa nyuma na jeneza, mahali pangu pa siku zote, kutoka Musoma mpaka Bunda, tukakata kushoto na kulia kwenye mashamba ya pamba mpaka Kibara. Mkono wangu ulikuwa unatafuta dripu ya kushika.

Tulipofika, Evance aliegesha karibu na kaburi, akavuta breki ya mkono, akashuka. Hakuzima. Sijui kama alifikiri au ni mazoea tu. Jeneza likashushwa, watu wakakusanyika, Mwinjilisti Bernado akafungua kitabu. Hakukuwa na kipaza sauti. Alisoma mstari mmoja, akasimama, akageuka.

"Jamani, zimeni hilo gari. Neno la Mungu halisikiki."

Evance akamwangalia Revocatus, maana naye alikuwepo, amevaa suti kwenye jua lile. Revocatus akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Hana.

Hana ndiye aliyesimama. Alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akanyanyuka taratibu akishika goti, ile kofia ya sufu iko mkononi mwake.

"Liacheni," akasema. "Likinyamaza atadhani tumemwacha."

Mwinjilisti akafunga kitabu, akakisogelea kichwa cha kaburi, akaanza upya kwa sauti kubwa. Evance hakuligusa gari mpaka udongo ulipokwisha.